Almasi ya Hope Haikumuua Mtu

Kisa cha Evalyn Walsh McLean na almasi yake ya buluu kimefika hadi Kimanga, mtaa wa Uvira huku mashariki mwa Kongo. Kinatembea kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayesoma mbio huku muziki wa kutisha ukilia nyuma yake. Vijana hukisikiliza wakingoja betri zijae kwenye vibanda vya kuchajia, na usiku kinasimuliwa upya nyumbani kikiwa kimetiwa chumvi. Binti wa tajiri wa dhahabu alinunua kito chenye laana, akaonywa, akakaidi. Kikamla mtoto, kikamla mume, kikamla binti, kikala mali yote, mwisho kikamla mwenyewe. Msimulizi akifika hapo hutugeukia sisi: ndiyo maana Kivu hatuna amani, kwani tumekalia dhahabu.

Mimi ni mtoto wa Uvira na nakipinga kisa hiki mwanzo hadi mwisho. Imani ya mtu naiheshimu. Lakini karibu kila kiungo cha habari hii ni uongo unaoweza kuonyeshwa kwa tarehe na kwa majina, na kikishafika kwetu kinafanya kazi mbaya ya kuwafunika watu wanaopaswa kuulizwa maswali. Basi niyajibu madai yake kama yanavyosimuliwa.

“Iling’olewa kwenye jicho la sanamu ya mungu huko India, na mwizi wake akararuliwa na mbwa.”

Anayeitwa mwizi ni Jean-Baptiste Tavernier, mfanyabiashara Mfaransa aliyezaliwa 1605, aliyesafiri Asia mara sita kununua na kuuza vito. Jiwe la karati zaidi ya 110 alilipata India, na inaaminika lilitoka machimbo ya Kollur katika nchi ya Golconda. Mwaka 1668 akamuuzia mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Mfalme akampa cheo, naye akanunua eneo la Aubonne, Uswisi, akawa bwana mkubwa. Alifariki Moscow mwaka 1689, akiwa na umri wa miaka 84 hivi, bado yuko safarini. Mzee wa karne ya kumi na saba aliyefikisha umri huo kwa kuvuka jangwa na bahari alikuwa amebarikiwa kuliko wengi wetu. Mbwa waliongezwa na watu waliokuja miaka mingi baadaye, na jicho la sanamu linafanana mno na riwaya ya The Moonstone ya Wilkie Collins, iliyotoka 1868, kuhusu almasi ya hekalu la India. Riwaya ile ilipendwa sana Uingereza, na waandishi wa magazeti walikuwa wameisoma.

Kuna jambo moja katika kitabu cha safari za Tavernier ambalo wasimulizi wa laana hawaligusi kabisa. Alipofika Kollur alikadiria kwamba watu karibu 60,000 walikuwa wakifanya kazi pale: wanaume wanachimba, wanawake na watoto wanabeba udongo. Aliyefika Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu ya kwetu Kivu, anaijua picha hiyo bila kuelezwa. Wangapi kati ya watu hao walifunikwa na udongo, wangapi walikufa kwa homa, hakuna gazeti lililowahesabu. Laana inayosimuliwa inaanza na tajiri wa kwanza aliyeligusa jiwe. Aliyelichimba hana hata jina.

“Iliwaua wafalme wa Ufaransa.”

Louis XIV aliyeinunua alitawala miaka 72, muda ambao wafalme wachache sana duniani wamewahi kuufikia. Mwaka 1673 aliamuru ichongwe upya, ikabaki na karati kama 67. Louis XV akaitia mwaka 1749 katika nishani ya Ngozi ya Dhahabu, naye alitawala miaka 59. Nishani hiyo ni ya mfalme, kwa hiyo ile picha ya malkia Marie Antoinette akipelekwa kwenye gilotini baada ya kuivaa shingoni haina msingi. Almasi iliibwa mwezi wa tisa 1792 kwenye ghala la vito vya ufalme, Paris. Malkia na mumewe waliuawa mwaka uliofuata, wakati kito hakiko tena mikononi mwao. Ufalme ule uliangushwa na madeni ya vita, bei ya mkate na kodi iliyowakandamiza maskini huku wakubwa wakisamehewa. Maelfu waliokatwa vichwa miaka ile hawakuwa na almasi yoyote.

Wizi ule ndio uliozaa jiwe tunalolijua leo. Lilitokeza London mwaka 1812, miaka ishirini na siku chache baadaye, wakati sheria ya Ufaransa haikuweza tena kuwafuata wezi, nalo likiwa limechongwa tena ili lisitambulike. Sasa lina karati 45.52. Wataalamu walithibitisha mwaka 2005 kwamba limetoka katika jiwe la wafalme, na baadaye Paris ikapatikana sanamu ya risasi ya jiwe lile la zamani, iliyolingana nalo. Jina la Hope linatokana na Henry Philip Hope, wa ukoo wa mabenki, aliyekuwa nalo hadi alipokufa 1839.

“Kila aliyeimiliki alikufa vibaya.”

Orodha inayosomwa ina watu wa namna mbili. Kuna walioishi kweli, na kuna wasiopatikana popote: mwana wa mfalme wa Urusi aitwaye Kanitovski aliyempiga risasi mpenzi wake jukwaani, sonara Colet aliyejiua, Mgiriki Montharides aliyetumbukia korongoni na familia yake. Waliotafuta katika kumbukumbu hawakukuta hata alama ya watu hao. Lord Francis Hope aliishi kweli na alifilisika kweli, lakini alifilisishwa na kamari. Aliliuza jiwe mwaka 1901 alipe madeni, tena baada ya kugombana mahakamani na ndugu zake waliokataa liuzwe. Mkewe wa zamani, mwigizaji May Yohe, alipoishiwa naye aligeuza laana kuwa biashara: mwaka 1921 ikatoka sinema ya mfululizo kuhusu almasi hiyo, na wengi waliyajua majina hayo ya uongo kutokana na hadithi za namna hiyo.

Ukitaka kujua laana ilizaliwa lini, tafuta imeandikwa mara ya kwanza lini. Katika miaka yote ambayo akina Hope walikuwa matajiri hakuna aliyeitaja. Ilianza kuvuma magazetini baada ya jiwe kuhama kwa wauza vito waliokuwa wanahangaika kulipatia mnunuzi. Januari 1908 gazeti la Washington Post lilitoa makala iliyodai kwamba limewaletea taabu wote waliolimiliki. Mwenye gazeti hilo alikuwa John R. McLean, na mwezi wa saba mwaka huohuo mwanawe Ned alimwoa Evalyn Walsh. Hadithi iliyokuja kumfuata yule mama maisha yake yote ilichapishwa kwenye mashine za baba mkwe wake.

“Alionywa, akakaidi.”

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo mkono wa muuzaji unaonekana waziwazi. Pierre Cartier, sonara wa Paris mwenye duka New York, alilipata jiwe mwaka 1910. Aliwaendea Evalyn na Ned wakiwa Paris na kuwaonyesha, huku akiwasimulia historia yake ya kutisha kwa ufundi wote. Alikuwa amekwisha kumsikia Evalyn akisema kwamba vitu vyenye nuksi kwa wengine vina bahati kwake, kwa hiyo alijua anachokifanya. Evalyn hakupenda jinsi lilivyowekwa. Cartier akaliweka upya, likazungukwa na almasi nyeupe, akamwachia nyumbani kwa siku chache alitazame. Januari 1911 wakakubaliana dola 180,000.

Katika mkataba kuliandikwa sharti kwamba kifo kikitokea katika familia ndani ya miezi sita, jiwe linaweza kurudishwa na kubadilishwa kwa vito vya thamani ileile. Wasimulizi hulitaja sharti hilo kama ushahidi kwamba hata muuzaji aliogopa. Mimi naona mfanyabiashara anayemtuliza mteja kwa ahadi isiyomgharimu kitu, maana jiwe likirudi angepata la kuuza tena likiwa na hadithi mpya juu yake. Na Machi 1911, miezi miwili tu baadaye, Cartier aliwashtaki akina McLean kwa kutolipa. Mtu anayeamini kwamba kito kinaua angemshukuru Mungu kimetoka dukani kwake. Yeye alitaka hela yake, na alilipwa.

Evalyn naye hakuwa mkaidi kama anavyochorwa. Alimpelekea padri kito kile akibariki, kama mama yeyote wa Uvira angefanya.

“Tangu alipokivaa, msiba juu ya msiba.”

Tuyapange kwa miaka. Baba yake, Thomas Walsh, alikuwa fundi seremala kutoka Ireland aliyekwenda Colorado kutafuta madini. Mwaka 1896, karibu na mji wa Ouray, aliona dhahabu katika mawe ambayo wachimbaji wengine, wakitafuta fedha, walikuwa wameyatupa. Ukawa mgodi wa Camp Bird, aliouuza mwaka 1902 kwa dola zaidi ya milioni 5, akahamia na familia katika jumba la Washington ambalo leo ni ubalozi wa Indonesia.

Mwezi wa nane 1905, huko Newport, gurudumu la gari lao lilipasuka, gari likaruka daraja. Kaka yake Evalyn, Vinson, akafa pale pale. Evalyn mwenyewe alivunjika mguu, na dawa ya morfini aliyopewa kwa maumivu ikamkamata, akahangaika nayo miaka mingi. Aprili 1910 baba yake akafariki kwa saratani. Mapigo yote mawili ya kwanza, na chanzo cha ulevi wake wa morfini, yalitokea kabla hajaivaa almasi hata siku moja. Msimulizi wa laana ama huyaruka, ama huyasogeza mbele yakae baada ya 1911.

Mwanawe wa kwanza, ambaye naye aliitwa Vinson, alizaliwa 1909. Magazeti yalimwita mtoto wa dola milioni mia, na kwa kuogopa wateka watoto aliwekewa walinzi. Mei 1919, akiwa na umri wa miaka tisa, alikimbilia barabarani mbele ya nyumba yao, gari likamgonga. Wazazi walikuwa wamesafiri kwenye mbio za farasi Kentucky. Hicho ni kifo cha kuumiza moyo, na sisi tunakijua. Mitaa yetu inakatwa na barabara kuu, pikipiki zinapita kasi, magari ya mizigo yanatoka bandari ya Kalundu, na watoto wanavuka kwenda kisimani. Mtoto akigongwa pale tunasema dereva alikuwa mbio na njia ya miguu hakuna. Hatuulizi mama yake alikuwa amevaa nini shingoni. Marekani ya 1919 ilikuwa imejaza magari kabla haijawafundisha watu kuishi nayo, na watoto wengi sana waligongwa miaka ile.

Ned, mumewe, alikuwa mlevi tangu ujana. Wakati wa fungate mwaka 1908 baba wa kila upande aliwapa dola 100,000, na fedha yote iliisha safarini. Kabla ya kurudi walinunua kwa Cartier almasi nyingine, Nyota ya Mashariki, kwa dola 120,000, kwa mkopo wa jina la baba. Mwaka 1924 Ned alilazimika kukiri kwamba alidanganya kuhusu mkopo wa dola 100,000 kwa waziri Albert Fall katika kashfa ya mafuta ya Teapot Dome. Gazeti alilorithi lilimfia mikononi kwa uzembe wake na kwa mdororo wa uchumi, likapigwa mnada Juni 1933 kwa dola 825,000, akalichukua Eugene Meyer. Ned alikufa 1941 katika hospitali ya magonjwa ya akili. Pombe ilimfanya hivyo polepole, kwa zaidi ya miaka thelathini, mbele ya macho ya kila mtu.

Binti yao, Evalyn mdogo, alikufa 1946 akiwa na miaka 24, kwa kuzidisha vidonge vya usingizi. Sitaongeza neno juu yake. Kijana aliyekufa kwa maumivu ya moyo anastahili kusikitikiwa, na wanaomtumia kunogesha video yao wanamdhulumu.

Mama yake alifuata Aprili 1947, kwa nimonia, akiwa na miaka 60. Aliishi na almasi hiyo miaka 36, akaacha watoto wawili wa kiume wako hai.

“Kilimla mali yote, akafa maskini.”

Hakufa maskini. Alikufa akiwa na madeni, na sonara Harry Winston akavinunua vito vyake kwa pamoja mwaka 1949 ili madeni hayo yalipwe. Fedha ilikwenda wapi, inajulikana: karamu za watu mamia, majumba, farasi, mume asiyefanya kazi. Nyingine alilaghaiwa. Mwaka 1932, mtoto wa rubani maarufu Lindbergh alipotekwa, tapeli Gaston Means alimwambia anaweza kumrudisha, naye akatoa dola 100,000. Mtoto alikuwa amekwisha kuuawa, na Means akafungwa. Nikisoma habari hiyo naona mama aliyezika mtoto wake, akashindwa kumnyima fedha mtu aliyemwambia kwamba wa mwenzake anaweza kupona.

Mwaka huohuo askari wa zamani wa vita walipiga kambi Washington wakidai malipo yao, na serikali ikawatazama kama kero. Evalyn aliwaendea usiku, akaona hawajala, akaagiza sandwichi elfu moja, na sigara. Almasi yenyewe aliiacha ichezewe: mbwa wake aliivaa, askari majeruhi wa Vita Kuu ya Pili waliishika mikononi, na mara kadhaa aliiweka rehani na kuikomboa. Mtu anayeogopa kitu hakifanyi hivyo.

“Hata postamani aliyeibeba alipatwa.”

Winston aliitoa kwa jumba la makumbusho la Smithsonian tarehe 10 Novemba 1958, kwa kifurushi cha posta kilicholipiwa dola 145 na senti 29, sehemu kubwa ikiwa bima. Postamani alivunjika mguu baadaye, nyumba yake ikaungua. Winston mwenyewe, aliyekaa nayo karibu miaka kumi na kuizungusha kwenye maonyesho, alifariki 1978 akiwa na miaka 82. Wanaochagua kumhesabu wa kwanza na kumwacha wa pili wanajua wanachokifanya.

“Ukiizimia taa inawaka nyekundu kama damu.”

Hili ni kweli, na ni zuri. Ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno kisha taa zikazimwa, almasi ile hubaki ikiwaka nyekundu kwa sekunde kadhaa. Ndani yake kuna chembe za boroni, ambazo ndizo zinazoipa rangi ya buluu, pamoja na naitrojeni kidogo sana, na kushirikiana kwao ndiko kunakotoa mwanga huo. Almasi nyingine za buluu nazo huwaka hivyo. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mawe ya namna hii hutengenezwa chini sana ardhini, mengine kilomita zaidi ya 600, na boroni yake huenda ilishuka huko na mwamba wa sakafu ya bahari ya kale. Kwa kijana wa Uvira anayependa sayansi, habari hiyo inatosha kumkosesha usingizi.

“Basi hata dhahabu yetu ina laana.”

Nimelisikia dai hili kanisani, sokoni, na kwa watu wenye elimu. Tarehe 11 Septemba 2020, pale Kamituga, mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika ukaingia kwenye mashimo ya dhahabu yaitwayo Detroit, na watu wapatao 50 wakazama ndani. Wengi walikuwa vijana. Palepale yalianza maneno: dhahabu inadai damu, PDG, yaani bosi wa shimo, alifanya ushirikina, mizimu imekasirika.

Walioifahamu kazi ile walikuwa na maelezo mengine. Mashimo yanachimbwa karibu na maji na kuunganika chini kwa chini, hivyo maji yakiingia moja yanaingia yote. Nguzo za miti huwekwa kwa kadiri ya fedha iliyopo. Pampu ni ya kukodi. Anayeshuka anadaiwa chakula, tochi na dawa tangu kabla hajaona hata chembe, kwa hiyo mvua ikianza hapandi, maana akipanda anapoteza zamu na deni linabaki. Juu, akina mama wanatwanga mawe kwenye vinu vya chuma kuanzia alfajiri, vumbi jeupe limewajaa kope, na wengine wana watoto mgongoni wanaovuta vumbi hilohilo. Kisha zebaki inachomwa kwenye kikaango kilekile kinachorudi jikoni. Kikohozi cha mama yule hakihitaji mganga kukieleza.

Dhahabu yenyewe inapita mkono hadi mkono, inapimwa kwa tola, na sehemu kubwa ya ile ya Misisi na Fizi imezoea njia ya ziwa letu la Tanganyika na ya Bujumbura hadi Dubai, bila kuandikwa popote. Katika njia hiyo nzima kuna watu wanaopata: wenye bunduki wanaokusanya ushuru njiani, wanunuzi wanaopunguza uzito wa mizani, wakubwa wenye hisa katika mashimo wasiyoyakanyaga. Wote hao wanalala vizuri siku tukisema ni laana.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulipotoka na kuzibeba nyumba za Uvira, yalisemwa hayohayo. Hata hivyo tuliiona milima juu yetu ikiwa haina mti, na tuliona viwanja vikiuzwa kando ya mto kwa karatasi zenye mihuri. Kila muhuri una ofisi iliyougonga. Kila shimo la Kamituga lina PDG, lina mwenye ardhi, lina mkaguzi aliyelipwa alikague. Hao wana majina, na wanaweza kuitwa mbele ya watu waeleze pampu ilikuwa wapi, nguzo zilikuwa ngapi, na ni nani aliyewaruhusu vijana washuke wakati mvua imeshaanza kunyesha.